Maine: Kwa nini kambakoche mwenye mayai hurudishwa baharini

Katika pwani ya jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, mvuvi anapoinua dema na kumkuta kambakoche jike mwenye mayai, haruhusiwi kumpeleka sokoni. Humkata pengo dogo lenye umbo la herufi V kwenye mkia, kisha humrudisha majini. Atakayemnasa baadaye, hata akimkuta hana mayai, atatambua kwa alama hiyo kuwa ni mzazi, naye sharti amwachilie.

Sababu ya ulinzi huo ni jinsi kiumbe huyu anavyozaana polepole.

Tofauti na kambakoche wa Afrika Mashariki, yule wa Maine ana magando mawili makubwa, na dume huwa mkali pangoni mwake. Jike anapokaribia kujivua gamba hulijongelea pango hilo na kutoa mkojo, ambao harufu yake humtuliza dume. Jike akishajivua gamba, mwili wake ungali laini, wawili hao hujamiiana. Dume humlinda kwa siku kadhaa, hadi gamba jipya lianze kuwa gumu.

Jike hatagi papo hapo. Huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi mingi. Mayai hurutubishwa yanapotoka, yakanata chini ya mkia, naye huyabeba kwa miezi 9 hadi 11. Jike mdogo hubeba mayai yapatayo 8,000. Mkubwa aweza kufikisha 100,000. Ndiyo maana sheria huwalinda wadogo na wakubwa pia: gamba la mgongo, likipimwa kuanzia tundu la jicho, lisipungue inchi 3 na robo wala kuzidi inchi 5.

Mayai yakianguliwa, viluwiluwi huelea karibu na uso wa bahari kwa wiki kadhaa, na wengi wao huliwa. Wachache wanaonusurika huzama kutafuta maficho, na huchukua miaka 5 hadi 8 kufikia kipimo cha soko.

Mwaka 2016 wavuvi wa Maine walipata zaidi ya pauni milioni 130 za kambakoche. Kufikia mwaka 2023 mavuno yalikuwa chini ya pauni milioni 100, huku maji ya Ghuba ya Maine yakizidi kupata joto. Uchunguzi ulionyesha pia kwamba kambakoche wachanga walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 35.

Wasimamizi wa uvuvi walipanga kukiongeza kipimo cha chini kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, ili majike wengi zaidi wapate kuzaa kabla ya kuvuliwa. Wavuvi walipinga, wakihofia kupoteza kipato, na mwaka 2025 mpango huo ukafutwa.

Hata hivyo, matokeo ya uamuzi huo hayataonekana upesi. Mayai yaliyotagwa mwaka huo hayatawafikia wanunuzi kama kambakoche kabla ya mwaka 2030.