Mariamu: Jina Moja, Wakwe Wawili

Wewe na mwenzio mmeshawahi kununiana kwa ajili ya jina la mtoto ambaye hata hajazaliwa? Basi hamko peke yenu. Mji wetu wa Babati uko njia panda ya Arusha, Dodoma na Singida, na mapenzi nayo yanapita humo humo: Mwiraqw na Mrangi, Mgorowa na Mchaga, Mkristo na Mwislamu waliofunga ndoa ya serikali, jambo ambalo Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu. Mambo yanakwenda shwari mpaka mimba ifike miezi minane. Hapo simu za wakwe zinaanza.

Mara nyingi linalookoa jahazi ni Mariamu. Asili yake ni Miriamu wa Waebrania, dada yao Musa na Haruni. Kwa Waarabu ni Maryam, mwanamke pekee anayetajwa kwa jina lake ndani ya Kurani, na sura ya 19 inaitwa kwa jina hilo. Wakatoliki wanasema Maria. Hata kule Armenia, nchi ya Kikristo tangu mwanzoni mwa karne ya 4, mabinti wanaitwa Mariam. Sisi tumeongeza "u" tu!

Maana yake sasa. Wataalamu hawajaafikiana: wapo wanaosema uchungu, wapo wanaosema uasi, wengine mtoto aliyetamaniwa, na wengine wanalirudisha kwenye neno la Kimisri cha kale lenye maana ya mpendwa. Mimi nimechagua hilo la mwisho, wa uchungu wanisamehe.

Lakini shosti, kumbuka kitu kimoja. Kama ni mtoto wa kwanza, jina unalompa ni lako pia. Kuanzia siku hiyo mtaa mzima, hadi muuza mboga, utakuita Mama Mariamu, na mumeo Baba Mariamu. Kwa hiyo msimwachie mkwe yeyote achague peke yake.

Halafu kubalianeni herufi. Cheti cha kuzaliwa kikisema Miriam, cha shule Mariamu na kitambulisho cha taifa Maryam, binti atakuja kuhangaika na hati za kiapo siku anaomba mkopo wa chuo. Nyumbani bibi mmoja amwite Maria na mwingine Maryam, hakuna shida. Kwenye fomu, moja tu.