Kuchora Maua kwa Sindano ya Cherehani

Vikundi vingi vya akina mama vina cherehani kimoja au viwili, na kazi yake ni ile ile: sare za shule, kupunguza nguo na kutia viraka. Lakini sare zina msimu wake. Januari kazi ni tele, na kufika Machi cherehani kimefunikwa kitambaa pale pembeni. Hebu leo tuangalie kazi nyingine ambayo hicho hicho cherehani cha miguu kinaweza: mfarishi wa kutundika ukutani, wenye maua ya kwetu.

Mfarishi ni matabaka matatu yaliyoshonwa pamoja. Juu kitambaa kizuri cha pamba, katikati pamba iliyotandazwa au blanketi jembamba, chini bitana. Ule mshono unaoshika matabaka ndio unaochora ua.

Sasa, ukishona kawaida, yale meno madogo chini ya sindano ndiyo yanayosukuma kitambaa, nayo yanapenda kwenda moja kwa moja. Ua halina mstari ulionyooka. Basi ni lazima meno yanyamazishwe. Vyerehani vingine vina skurubu ya kuyashusha. Kama chenu hakina, weka urefu wa mshono kuwa sufuri, kisha funika meno kwa kadi ngumu yenye tundu la kupitisha sindano, uibandike kwa selotepu. Ondoa kile kiguu kinachokandamiza kitambaa, na badala yake kaza kitambaa ndani ya fremu ya duara ya kutarizi. Fremu iwekwe kinyume cha vile tulivyozoea, ili kitambaa kilale chini kabisa kwenye meza ya cherehani.

Na hapa ndipo wengi hukwama. Hata kama kiguu kimetolewa, ule mkono wa nyuma wa kukishushia lazima ushushwe. Usiposhushwa, uzi wa juu haukazwi, na ukigeuza kazi utakuta kiota cha nyuzi. Vuta pia uzi wa chini uje juu kabla ya kuanza.

Kutoka hapo, urefu wa mshono uko mikononi mwako. Mikono ikikimbia na miguu ikilala, mishono inakuwa mirefu. Miguu ikikimbia na mikono ikisimama, uzi unajaa mahali pamoja na kukatika. Piga kanyagio kwa mwendo mmoja tu, bila haraka, na usogeze fremu kama anayeandika jina lake. Shika ukingo wa fremu, maanake bila kiguu hakuna cha kukinga vidole. Jaribuni kwanza kwenye vipande vya kutupwa, siku mbili tatu, kabla ya kugusa kitambaa cha kikundi.

Ua gani? Jakaranda na bogenvilia ni nzuri, lakini asili yake ni Amerika Kusini. Yako ya kwetu. Kuna ule mti ambao Wakikuyu huuita muhuti, Wakamba muvuti na Waluhya murembe, ambao mara nyingi huchanua mwekundu wakati hauna majani. Huo ni rahisi kwa anayeanza: matawi meusi na mafungu mekundu. Kuna lile ua linalopanda vichakani, petali zake nyekundu na njano zimepinda kuelekea juu kama ndimi za moto, na ncha za majani hujikunja kushika miti mingine. Mkilichuma la kuangalizia, watoto wasilichezee. Mmea wote una sumu, hasa kiazi chake. Na Taita kuna Saintpaulia ya zambarau ambayo kiasili humea msitu wa Mbololo tu. Hiyo msiing'oe, ichoreni pale pale ilipo.

Siri kubwa ya kazi hii ni kwamba mshono hulaza kitambaa. Ukijaza ua zima kwa mishono, linabonyea. Kwa hiyo ndani ya petali shona mistari michache tu ya mishipa, halafu jaza nafasi inayolizunguka kwa mstari unaozunguka-zunguka kama njia ya mchwa. Ua litatuna lenyewe. Anzia katikati ukienda nje, na msongamano wa mishono ulingane pande zote, la sivyo mfarishi utajikunja kama chapati.

Asiwepo wa kuwaambia kwamba ati cha mashine si kazi ya sanaa. Maneno hayo yalikuwa mengi hata Marekani, mpaka mwaka 1989 mfarishi wa Caryl Bryer Fallert, ulioshonwa kwa mashine, ulipopata tuzo kuu ya maonyesho ya Paducah, jimbo la Kentucky. Ulikuwa wa kwanza wa mashine kuipata.

Bei ndiyo inayoua vikundi. Tuseme vifaa ni shilingi 900, na mama ameshona siku nne. Mkiuza 1,500, kila siku imemletea shilingi 150. Ulizaneni kibarua cha shamba kwenu hulipwa ngapi, kisha mpange bei upya.

Kitambaa chekundu kifuliwe kabla ya kukatwa, kwa sababu rangi hutoka. Nyuma, upande wa juu, shonea mfuko mrefu wa kupitishia ufito, mnunuzi asije akaupigilia mfarishi misumari.