"Kuzuia Damu": Maneno Mamoja, Kazi Tano

Katika tafsiri za maandishi ya upasuaji wa goti, maneno "kuzuia damu" hutumika kila mahali. Tunakusudia kuonyesha kwamba yamebebeshwa dhana tano ambazo hazina budi kutenganishwa.

Upasuaji huo hufanywa kwa darubini nyembamba ipitishwayo katika tundu dogo, ili daktari aunde upya ligamenti iliyokatika bila kulifungua goti lote. Twasema ligamenti, kwa kuwa neno kano tumeliachia kile kiungacho msuli na mfupa. Goti hujazwa maji ya chumvi. Damu kidogo tu ikichanganyika nayo, daktari haoni akatapo.

Kwanza, kubana: mkanda wa hewa hufungwa pajani, damu isifike gotini. Jina la Kifaransa la chombo hiki latokana na kitendo cha kuzungusha, kwani kile cha Jean-Louis Petit cha mwaka 1718 kilikazwa kwa skrubu. Harvey Cushing alileta mkanda wa hewa mwaka 1904, na hapo maana ya asili ikapitwa. Kwa hiyo twapendekeza "mkanda-kibano", tukifuata kazi yake.

Pili, kukinza: kanieneo la maji huongezwa, yaikinze damu itokayo katika mishipa midogo iliyokatwa. Tatu, kusinyaza: adrenalini hutiwa katika maji hayo, mishipa ikasinyaa. Nne, kuziba: mdomo wa mshipa huchomwa kwa umeme. Tano, kuhifadhi: asidi ya traneksami huzuia damu iliyokwisha kuganda isiyeyuke. Kuiita "dawa ya kugandisha damu" ni kupotosha, kwani yenyewe haigandishi.

Tofauti hizi si za pambo. Kwa kawaida mkanda hauachwi umebana kupita muda wa saa mbili hivi, usije ukadhuru neva na misuli. Kanieneo la maji likizidi, maji hupenya katika nyama na mguu huvimba. Je, muuguzi akisoma "punguza uzuiaji wa damu", alegeze mkanda au apunguze maji? Na mgonjwa atiaye sahihi ya kukubali kupasuliwa, amekubali lipi?

Twawaomba wafasiri watumie vitenzi hivyo vitano kila kimoja mahali pake, na walimu wa uuguzi watuarifu vinavyopokewa wodini.