Mlango wa Dawa katika Kidudu cha Ugonjwa wa Usingizi

Wagonjwa wawili walilazwa kwa ugonjwa wa usingizi, wakapigwa sindano za namna moja. Mmoja alipona. Mwingine alirudia kuugua, na ndugu zake wakasema, "Amelogwa." Wengine wakasema, "Munganga alimpa maji tu." Je, maneno hayo ni kweli? Hapana. Sikilizeni sababu.

Kidudu cha ugonjwa huu kinaitwa tripanosoma. Nzi tse-tse anakitia katika damu ya mtu anapomuuma. Hakina kinywa wala tumbo. Mwili wake wote ni chembe moja yenye ngozi nyembamba. Basi kinapata chakula na maji namna gani? Katika ngozi ile mna milango midogo sana iliyofanywa kwa protini, na kila mlango unapitisha vitu vyake.

Milango mitatu ni ya kupitisha maji na gliseroli, kitu kitamu kinachotoka katika mafuta. Kwa kawaida milango ya namna hii ni myembamba sana, hata kitu kikubwa hakiwezi kupenya. Lakini mmoja katika ile mitatu, unaoitwa wa pili, una tundu pana kuliko mingine.

Mwaka 2012 wenye elimu walionyesha kwamba dawa mbili za zamani zinaingia hasa kwa mlango huo mpana. Ya kwanza ni pentamidini, iliyotumiwa katika Kongo tangu miaka ya 1940. Ya pili ni melarsoproli, iliyoanza mwaka 1949, dawa ya wagonjwa ambao vidudu vimefika katika ubongo wao. Kidudu kinafungua mlango kwa ajili ya chakula, na dawa inaingia papo hapo na kukiua.

Lakini vidudu vingine vimepoteza mlango ule, ao umechanganyika na mlango wa tatu, nao ukawa mwembamba. Kidudu kama hicho kinaendelea kuishi, lakini dawa inabaki nje. Huko Mbuji-Mayi, katika Kasai, melarsoproli ilishindwa kuponya wagonjwa wengi. Vidudu vya damu yao vilipopimwa, milango iliyochanganyika ilionekana ndani yao. Si uchawi, wala si kosa la mgonjwa. Na melarsoproli yenyewe ina sumu ya arseniki: iliua karibu wagonjwa 5 katika kila 100 waliotibiwa nayo.

Tunashukuru kwa kuwa sasa kuna njia nyingine. Mwaka 2018 Kongo ilikubali feksinidazoli, dawa ya vidonge vya siku 10. Hii haihitaji mlango ule mpana. Inapenya ngozi ya kidudu, na kidudu chenyewe kinaigeuza kuwa sumu ndani yake. Mwaka 1998 wagonjwa zaidi ya 26,000 waliandikwa katika Kongo. Tangu 2018 hesabu ya dunia yote haifiki 1,000 kwa mwaka. Lakini ugonjwa haujaisha.

Basi tufanye nini?

1. Ukiwa na homa isiyoisha, matezi nyuma ya shingo, ao usingizi mwingi mchana, njoo upesi upimwe damu. Usingoje mpaka akili ichafuke.

2. Meza vidonge vyote pamoja na chakula, hata ukijisikia mzima siku ya nne. Kidudu kilichobaki kitazaa vingine.

3. Rudi siku uliyoambiwa. Munganga akitaka kupima maji ya mgongo tena, usikatae. Anatafuta kama kuna kidudu ambacho dawa haikukifikia.

4. Ugonjwa ukirudi, usimshitaki jirani yako. Mlete mgonjwa hospitali, apewe dawa nyingine.

Wengi walikufa nyumbani huku jamaa zao wakitafuta mchawi. Mlango uliofungwa ulikuwa katika kidudu. Mlango wa hospitali ulikuwa wazi.