Simu Janja: Ala ya Kupimia Mikononi mwa Wananchi

Simu janja aghalabu husifiwa kwa kupeleka habari na fedha upesi. Sifa hiyo ni ya haki, lakini iko faida nyingine isiyozungumzwa sana. Ndani ya kifaa hicho kidogo mna ala kadhaa za kupimia: kamera, kinasa sauti, saa, dira, kipima mwendo na kipokezi cha mawimbi ya setilaiti. Zamani ala kama hizo zilitafutwa katika maabara na katika ofisi za wapima ardhi. Leo zimo mfukoni. Yafaa basi kuuliza ni nani anayefaidika nazo, na kwa masharti gani.

Mfano wa kwanza ni wa mkulima wa alizeti. Katika Mkoa wa Singida mvua huwa na msimu mmoja tu, wa Novemba hadi Aprili, na anayekosea hesabu zake hungoja mwaka mzima kuzirekebisha. Kazi ya trekta hulipwa kwa ekari, na ekari hupimwa kwa miguu: hatua 70 kwa hatua 70. Kanuni hiyo ina msingi. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, yaani mraba wenye upande wa mita 63.6, kwa hiyo kanuni ni sahihi iwapo kila hatua ina sentimita 91. Lakini mwenye hatua ya sentimita 75 hupata upande wa mita 52.5, na eneo la mita za mraba 2,756 tu, kama theluthi mbili za ekari. Akilipa fedha za ekari nzima, theluthi ya fedha zake imelipia ardhi ambayo haikulimwa.

Simu janja huweza kupunguza hasara hiyo. Setilaiti zilizo juu ya dunia kwa kilomita 20,200 hivi hutuma mawimbi yanayotaja saa barabara. Simu hupima muda ambao mawimbi yametumia njiani, muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde, kisha hukokotoa umbali. Ikipokea setilaiti nne au zaidi hutambua mahali ilipo. Mkulima akizunguka mpaka wa shamba, programu iliyokwisha kuwekwa simuni huhesabu eneo, hata pasipo mtandao. Hata hivyo, mahali panapotajwa huweza kukosewa kwa mita kadhaa. Kwa shamba la ekari kumi kosa hilo ni dogo. Kwa bustani ya mboga ni kubwa mno.

Kwa mhudumu wa afya, kosa la ala ni jambo zito zaidi, kama lilivyodhihirika kisiwani Pemba. Huko watafiti waliambatisha lenzi ndogo ya mviringo, yenye kipenyo cha milimita 3, kwenye kamera ya simu kwa utepe wa kunata, wakaifanya simu hiyo kuwa hadubini. Kisha walichunguza vioo 199 vya sampuli za choo cha watoto na kulinganisha majibu na ya hadubini ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Kati ya vioo vyenye mayai ya minyoo mikubwa ya mviringo, simu ilitambua asilimia 81. Kwa minyoo ya safura, ambayo mayai yake yana ganda jembamba linalopitisha nuru, ilitambua asilimia 14 tu. Mtoto ambaye simu ingesema hana safura angeweza kurudi nyumbani huku minyoo ikiendelea kumfyonza damu. Watafiti hao hawakuificha kasoro hiyo. Kwa kuipima waliwaonyesha wenzao mahali pa kutia juhudi.

Wasioona nao hufaidika: kamera hutambua herufi, na programu husoma maandishi kwa sauti. Lakini tarakimu moja ya kipimo cha dawa ikisomwa vibaya, madhara yake si madogo.

Ni kweli kwamba si kila kaya ina simu ya namna hii, wala umeme wa kuichaji haupatikani kila mahali. Lakini shamba lisilobadilika mpaka hupimwa mara moja tu. Simu moja ya kikundi cha wakulima, au ya mwalimu, huweza kuhudumia wengi.

Hapa ndipo shule zinapoweza kusaidia. Wanafunzi na waupime uwanja wa mpira kwa njia tatu: kwa utepe, kwa hatua na kwa simu. Wakokotoe tofauti kwa asilimia, kisha warudie zoezi hilo kwenye kitalu cha miche. Mwanafunzi aliyekwisha kuona kwa macho yake kosa la kila ala ataweza kumpimia mzazi wake shamba kabla trekta halijaingia, na kumweleza pia kipimo hicho ni cha kuaminiwa kwa kiasi gani.