Dhoruba Ikija, Nani Analinda Umeme Wetu?

Tunapozungumzia ulinzi wa mitambo ya umeme na gesi, wengi wetu hufikiria ukuta, geti, mbwa na mlinzi mwenye bunduki. Huo ni ulinzi dhidi ya mwizi. Lakini upepo haupiti getini, wala maji ya mafuriko hayaulizwi kitambulisho. Katika makala hii tunaeleza jinsi vituo vya nishati vinavyolindwa wakati wa hali mbaya ya hewa, na kwa nini jambo hilo linatuhusu hata sisi wa Chiwata, ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, mbali na visima vya gesi na mitambo yenyewe. Hoja yetu ni moja: kituo cha nishati hulindwa kabla dhoruba haijafika, na hulindwa na watu wengi kuliko wale waliovaa sare. Kabla ya kuwa kazi ya fundi au askari, ni tendo la fadhila ya busara.

Kwa nini tujali?

Ardhi ya uwanda wetu ni ya mchanga na hunywa mvua haraka. Maji yako chini, mabondeni. Kwa vizazi vingi mama zetu na dada zetu wameshuka na kupanda mteremko na ndoo kichwani. Leo maji ya Newala na Tandahimba husukumwa na pampu kutoka chanzo cha Mitema, katika bonde la Kitangari. Ya Masasi na Nachingwea hutoka Mbwinji, chini ya uwanda huu huu. Pampu zinahitaji umeme. Umeme ukikatika siku tatu, hatukosi taa na chaji ya simu tu. Matangi yanakauka, jokofu la chanjo la zahanati linapata joto, na hospitali kama ile ya Ndanda inabaki kutegemea genereta.

Kwa miaka mingi mikoa ya Mtwara na Lindi haikuunganishwa na Gridi ya Taifa. Umeme wetu ulitoka katika mitambo ya gesi ya Mtwara mjini, ukasafiri karibu kilomita 200 juu ya nguzo za miti hadi Masasi. Gesi yenyewe hutoka Mnazi Bay, ilikogunduliwa mwaka 1982. Gesi hiyo husafishwa pia Madimba na kusafirishwa hadi Dar es Salaam kwa bomba la zaidi ya kilomita 500, lililozinduliwa mwaka 2015. Kaskazini kidogo, katika kisiwa cha Songo Songo, Kilwa, kuna gesi iliyogunduliwa mwaka 1974 na kupelekwa Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nishati ya nchi imekaa katika pwani ya kusini, mahali ambapo bahari ikichafuka huonekana kwanza.

Dhoruba zetu na majira yake

Vimbunga si vingi kwetu. Madagaska hutukinga, na ukaribu wetu na ikweta huvinyima vimbunga nguvu ya kujizungusha. Lakini vichache vinavyokuja vina majira yake. Kimbunga kilichoharibu mikarafuu ya Unguja kilipiga Aprili 1872. Kilichoingia nchi kavu katika eneo la Lindi kilikuja Aprili 1952. Kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, Aprili 25, 2019, na mkoa wa Mtwara ukawekwa katika tahadhari. Kimbunga Hidaya kilifika Mafia Mei 4, 2024. Mvua zake zikakata barabara kuu ya kwenda Lindi na Mtwara huko Kilwa.

Vyote vilikuja mwishoni mwa msimu wa mvua. Wakati huo ardhi imeshalowa, makorongo yamepanuka, na nguzo iliyosimama imara mwezi Novemba sasa imesimama katika tope. Upepo ambao mwanzoni mwa msimu ungevunja matawi tu, mwezi Aprili unaweza kung'oa mwembe mzima na kuulaza juu ya nyaya. Hivyo kazi ya ulinzi ina tarehe yake: inapaswa kuwa imekwisha kabla ya Aprili.

Fadhila yenye sehemu nyingi

Katika Summa Theologiae, Mtakatifu Thoma wa Akwino anataja sehemu nane zinazoikamilisha busara. Hapa tunachukua tano zinazogusa moja kwa moja suala letu.

Ya kwanza ni kumbukumbu, na ya pili, iliyo jirani yake, ni utayari wa kufundishwa. Mhandisi anayetafuta mahali pa kuweka transfoma au jengo la pampu ana ramani na vipimo. Mzee wa kijiji ana kitu kingine: anajua maji yalipita wapi mwaka ule wa mvua kubwa, na korongo lilianzia shamba la nani. Bomba lililofukiwa chini haliogopi upepo, lakini mmomonyoko kwenye kivuko cha mto unaweza kulifukua. Anayeuliza wazee kabla ya kuchimba anapunguza hatari hiyo bila gharama. Kwa Thoma, hakuna mtu anayejitosheleza katika mambo ya busara, hata msomi.

Ya tatu ni kuona mbele. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa zake kwa ngazi: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Kituo kilichojipanga kina orodha ya kazi kwa kila ngazi. Angalizo likitoka, mitaro inazibuliwa, mabati na vyuma vilivyolegea vinafungwa, miti iliyoinamia mkuza wa umeme inakatwa. Tahadhari ikitoka, genereta inawashwa kujaribiwa, tangi la dizeli linajazwa, na zamu za wafanyakazi zinapangwa upya. Tahadhari kubwa ikitoka, wasio na kazi ya lazima wanaondoka, na wanaobaki wanajua ni mtambo upi unazimwa kwanza na vali ipi inafungwa na nani. Mtambo uliozimwa kwa utaratibu huwashwa tena mapema. Uliozimwa na maji huweza kukaa miezi.

Hidaya ilituonyesha kwa nini dizeli haisubiri. Barabara ikikatika Kilwa, lori la mafuta halifiki. Mfano wa wanawali kumi katika Injili ya Mathayo sura ya 25 tumezoea kuusikia kuhusu mwisho wa nyakati, nao ni wa mwisho wa nyakati kweli. Lakini Bwana aliujenga juu ya jambo ambalo kila mwenye taa alilijua: usiku wa manane si saa ya kutafuta duka la mafuta.

Ya nne ni kuangalia pande zote. Mitambo ya nishati hutegemeana kama viungo vya mwili mmoja. Huko Texas, Marekani, baridi kali ya Februari 2021 iligandisha visima na mabomba ya gesi. Mitambo ya umeme ikakosa gesi, umeme ukakatwa, na kumbe baadhi ya mitambo ya gesi nayo ilihitaji umeme huo ili kusukuma gesi. Zaidi ya watu 200 walikufa. Karibu nasi zaidi, Kimbunga Idai cha Machi 2019 kiliangusha njia za umeme kutoka Cahora Bassa, Msumbiji, na mgawo wa umeme ukazidi kuwa mkali hadi Afrika Kusini. Januari 2022 mafuriko ya dhoruba Ana yaliharibu bwawa la Kapichira katika mto Shire, na Malawi ikapoteza zaidi ya robo ya umeme wake kwa muda wa zaidi ya mwaka. Katika mifano hii yote, swali ambalo lingesaidia mapema ni lilelile: kifaa hiki kikizimika, ni kipi kingine kitazimika pamoja nacho?

Ya tano ni tahadhari yenyewe, yaani kutambua ubaya unaoweza kujichanganya katika hali ngumu. Umeme ukikatika, taa za uzio na kamera huzimika pia. Ndipo mwizi wa nyaya za shaba na wa mafuta ya transfoma anapata giza analolitaka. Transfoma iliyonyonywa mafuta huungua umeme unaporudi, na kijiji kinapata giza la pili, refu kuliko lile la dhoruba. Kwa hiyo mlinzi wa usiku wa dhoruba anahitaji tochi, redio ya mawasiliano, koti la mvua, chakula, na mahali salama pa kujikinga. Anahitaji pia kujua kwamba familia yake iko salama. Mwajiri anayemwacha mlinzi na wasiwasi wa nyumba kubomoka juu ya watoto wake asishangae akiondoka lindoni. Mlinzi naye ni mtu kabla ya kuwa sehemu ya kituo.

Mlinzi wa kwanza ni jirani

Mtwara inajua jinsi ulinzi wa nguvu ulivyo na mipaka. Mwaka 2013 wananchi wengi walipinga gesi kupelekwa Dar es Salaam kabla hawajaona faida yake kwao. Vurugu za Januari na Mei mwaka huo ziligharimu maisha na mali, na askari wakaletwa kutuliza hali. Hatufungui tena kesi hiyo hapa. Tunachosema ni kwamba, usiku wa kimbunga, gari la askari halipiti kwenye daraja lililovunjika. Anayebaki karibu na bomba, nguzo au kituo ni mwanakijiji. Akiona kwamba nishati ile ndiyo inayoleta maji nyumbani na kuhifadhi chanjo ya mtoto wake, atapiga simu. Akiona ni mali ya wengine inayopita tu shambani mwake, atafunga mlango na kulala.

Ndiyo maana Kanisa linapofundisha juu ya mafao ya wengi halizungumzi jambo la pembeni katika usalama wa nishati. Katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, Papa Fransisko aliunganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini. Mikoko ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma hupunguza nguvu ya mawimbi. Anayeikata kwa sababu hana kuni nyingine anabomoa ukuta wa pwani bila kukusudia. Haki kwake ni sehemu ya ulinzi, sawa na uzio.

Kijiji kifanye nini?

Nishati yetu ya kijijini ni transfoma juu ya nguzo, sola juu ya paa la zahanati au parokia, genereta, mitungi ya gesi dukani, na petroli ya vidumu. Tunapendekeza mambo haya:

- Kamati ya maafa ya kijiji iorodheshe vifaa hivyo na kutaja mtu anayehusika na kila kimoja.
- Miti iliyo karibu na nyaya itolewe taarifa TANESCO mapema. Mwenye mkorosho asipande ngazi kukata mwenyewe.
- Paneli za sola zikazwe boliti, na betri ziinuliwe kutoka sakafuni.
- Mitungi ya gesi ifungwe na kusimamishwa mahali maji yasipofika. Petroli isihifadhiwe chumba cha kulala.
- Waya ulioanguka uhesabiwe kuwa una umeme hata kijiji kizima kikiwa gizani. Watu wakae umbali wa mita 10 au zaidi, na watoto wafundishwe hivyo shuleni na katika jumuiya ndogo ndogo.
- Baada ya dhoruba, vijana wazungukie transfoma na jengo la pampu kwa zamu hadi mafundi wafike.

Zaburi ya 127 inatukumbusha kwamba bila Mungu, mlinzi anakesha bure. Haisemi kwamba mlinzi asikeshe. Mvua za uwanda wetu huanza kati ya Novemba na Desemba, na tangu hapo hadi Aprili kuna miezi michache tu. Mkutano wa kijiji unaofuata unatosha kuanza na orodha ya kwanza.