Shahada ya Ng'ambo Hupimwa Nyumbani

Tarehe 25 Oktoba 1961, katika jengo la chama cha TANU karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja, kwenye mtaa uitwao leo Lumumba, Chuo Kikuu cha kwanza nchini kilifunguliwa kikiwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria. Kabla ya hapo, kijana wa Tanganyika aliyetaka shahada hakuwa na budi kuihama nchi. Julius Nyerere alisoma Makerere, kisha Edinburgh, alikohitimu mwaka 1952. Hata chuo hicho kipya kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London.

Tangu mwanzo, basi, elimu ilihitaji chombo cha kuithibitisha. Aombaye nafasi ng'ambo leo hupeleka matokeo ya Baraza la Mitihani la Tanzania, ili chuo cha kigeni kiyalinganishe na sifa za huko. Wengi hukomea hapo, wakasahau kwamba watakaporudi shahada yao nayo itapimwa. Kazi hiyo ni ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria ya mwaka 2005. Tume huchunguza kama chuo kilichotoa shahada kinatambuliwa na mamlaka ya nchi yake.

Kwa hiyo yafaa swali hilo liulizwe kabla ya kulipa ada, si baada ya kuhitimu. Mzazi aliyeuza shamba kumsomesha mwanawe hawezi kulirudisha kwa cheti kisichotambuliwa.